Jinsi ya kuandaa mchezo wa mahame ya mbilikimo, kuanzia ramani hadi siku ya kucheza

Ukiwa na marafiki wanne, dadu mbili za ludo na daftari la hesabu lenye miraba, unaweza kuendesha mchezo wa kuigiza wahusika Jumamosi hii. Michezo hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na utaratibu wake haujabadilika sana tangu hapo. Mtu mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza kilicho mbele yao, wao wanasema wanafanya nini, na pale ambapo jambo linaweza kwenda hivi au vile, dadu huamua.

Kisa ninachopenda kukiandaa kuliko vyote ni cha mahame: mji wa mbilikimo, wale watu wafupi wa hadithi za kubuni, uliochimbwa chini ya mlima, ukakaliwa vizazi na vizazi, kisha ukaachwa. Mwongozo huu ni wa msimulizi. Mimi niko Nakuru, na wachezaji wangu ni wa hapa na wa Kisumu, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huku: Elgon, Kakamega, Migori na Menengai yetu.

Wasimulizi wengi huanza kwa kupanga mazimwi na hazina, halafu wanatafuta vyumba vya kuwaweka. Ukifanya hivyo utapata vyumba vingi vilivyofuatana bila kuhusiana, na wachezaji watachoka kabla ya chai. Anza na swali moja tu: mji huu ulihamwa kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo litakalochora ramani, litakalochagua viumbe na litakaloamua mlango gani umefungwa.

Hatua ya 1: Amua sababu

Sababu iandikike kwa sentensi mbili, na ndani yake awemo mtu aliyeamua jambo. Joka lililotokea tu na kuwafukuza wenyeji ni sababu dhaifu, maana wachezaji hawana la kuchunguza. Wakishalijua joka wameshajua yote. Sababu nzuri inatoka katika kazi ya wenyeji wenyewe. Mji wangu wa mfano naita Mwambani, na sentensi zake ni hizi:

Mbilikimo wa Mwambani walitaka madini ya fedha yaliyokuwa chini zaidi, wakageuza mto wa chini ya ardhi ili uzungushe mivukuto ya tanuri jipya, na gurudumu la zamani lililokuwa likivuta hewa safi hadi mtaa wa wachimbaji likasimama. Hewa ilipoharibika kule chini, wakubwa wa mtaa wa juu waliufunga mlango mkuu wachimbaji wakiwa bado ndani.

Zisome tena polepole, uone zimeshakupa vitu vingapi. Kuna mto uliohamishwa, kwa hiyo kuna mfereji mkavu ambao wachezaji wanaweza kuutumia kama njia. Kuna magurudumu mawili, la zamani la hewa na jipya la mivukuto. Kuna mlango ambao haukupaswa kufungwa. Kuna mtaa wa juu ulioishi na aibu hiyo kwa miaka kadhaa kabla nao haujahamwa. Hujachora hata chumba kimoja, na tayari una mchezo.

Kabla hujaendelea, zungumza na wachezaji wako. Huku kwetu, hasa upande wa Kakamega, Siaya na Migori, kuna watu waliopoteza ndugu katika machimbo ya dhahabu. Uliza mapema, mmoja mmoja, kama kisa cha watu waliofungiwa mgodini kitamuumiza yeyote. Akiwepo mmoja, badilisha: wachimbaji walitoka kwa njia nyingine wakaenda kuanzisha mji wao mbali, na fumbo likawa walielekea wapi. Kisa hakitapungua utamu.

Hatua ya 2: Jiulize mji uliishi vipi

Mji wa chini ya ardhi unahitaji hewa, maji, chakula, moto na mahali pa kutupia uchafu. Ukijibu matano hayo, vyumba vinajitokeza vyenyewe.

Anza na hewa, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa. Derinkuyu, mji wa chini ya ardhi ulioko Uturuki, unashuka mita 85 hivi, na inakadiriwa ungeweza kuhifadhi watu 20,000 pamoja na mifugo na chakula chao. Umetobolewa mashimo ya wima ya kupitishia hewa, na njia zake hufungwa kwa mawe makubwa ya duara yanayoviringishwa kutoka ndani. Kumbuka milango hiyo, nitairudia.

Kwa Mwambani, hewa ndiyo iliyoua mji, kwa hiyo ielewe vizuri. Katika nchi ya volkeno, kama ilivyo Menengai au Elgon, kaboni dioksidi inaweza kupenya kutoka kwenye miamba. Gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni, na huzima moto. Sasa fikiri: mbilikimo ni wafupi. Hewa mbaya ikipanda hadi kifuani mwa mtu wa kawaida, wao imeshawafunika. Wachezaji wako warefu watapita wima bila tatizo mpaka wafike kwenye mlango uliojengwa kwa kimo cha mbilikimo, wainame kuupita, na hapo ndipo mwenge utakapoanza kufifia. Huo ni mtego ambao hakuna aliyeutega, na wachezaji makini wanaweza kuugundua kwa kushusha mwenge hadi magotini.

Kuhusu kuinama, ukipata nafasi nenda Thimlich Ohinga kule Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zimepangwa mawe matupu bila saruji wala udongo wa kugandisha, nyingine zinafika mita 4.5 kwenda juu, na bado zimesimama. Malango ni madogo. Anayeingia anainama, na aliye ndani anamwona kabla yeye hajainua kichwa. Lango la Mwambani nimelijenga hivyo hivyo, na kila mara wachezaji hubishana nani atangulie.

Maji: mto wa chini ya ardhi, visima, birika la kukusanyia. Migodi mingi iliyoachwa huanza kujaa maji wanaoyavuta wanapoondoka, kwa hiyo sakafu ya chini kabisa ya mji wako iwe imefurika. Chakula: uyoga, samaki wasioona, ghala la mtama ulioletwa kwa biashara. Moto: makaa lazima yatoke juu, basi kuna njia ya mizigo yenye kapi na minyororo. Uchafu: shimo moja refu, na leo kiumbe fulani anakaa huko.

Hatua ya 3: Chora ramani ya kushuka

Geuza daftari wima. Usichore mji kama unavyouona kutoka angani, uchore kama umeukata kwa kisu kutoka juu hadi chini, ili uone nini kiko juu ya nini. Maji yanashuka, moshi unapanda, gesi nzito inatuama. Ramani ya namna hii itakukumbusha hayo hata ukiwa umechoka.

Sehemu saba zinatosha kwa mchezo wa saa nne. Zangu ni lango, soko, mtaa wa juu, mtaa wa wahunzi, mlango mkuu wa duara, mtaa wa wachimbaji, na sakafu iliyofurika. Unganisha kila sehemu na nyingine kwa njia mbili au zaidi, moja ya wazi na moja ya siri au ya hatari. Mfereji mkavu, kwa mfano, unatoka mtaa wa wahunzi na kuupita mlango wa duara kwa chini. Bila njia ya pili wachezaji hawana la kuchagua, wanafuata tu.

Mtaa wa wahunzi uupe nafasi kubwa. Abasamia wa mpakani mwa Kenya na Uganda wanajulikana tangu zamani kwa kuyeyusha na kufua chuma, na ukisikiliza maelezo ya kazi hiyo utapata vitu vya kuweka chumbani: mivukuto, fuawe, makaa, rundo la mavi ya chuma, majembe yasiyomalizika. Weka nyundo iliyoachwa juu ya fuawe na chuma kilichofuliwa nusu. Wachezaji wataelewa bila kuambiwa.

Hatua ya 4: Kanuni za dadu

Kama una dadu za pande 20 au programu ya dadu kwenye simu, tumia kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo niliotaja mwanzoni, Dungeons & Dragons. Zilitolewa mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons na zinapakuliwa bure. Kama huna, dadu mbili za ludo zinatosha kabisa. Rusha zote mbili, jumlisha. Jambo jepesi linahitaji 6 au zaidi, la kawaida 8, gumu 10. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 26 yanafikia 6, 15 yanafikia 8, na 6 tu yanafikia 10. Kila mhusika achague mambo mawili anayoyajua vizuri, na humo aongeze 2.

Usirushe dadu kwa kila kitu. Mhunzi akiangalia fuawe anajua anachokiona, mwambie. Dadu ni za pale ambapo kushindwa kuna gharama. Na mchezaji akishindwa, usimwambie hakuna kilichotokea: mlango umefunguka ila kwa kelele, au umefunguka ila umechukua muda, na muda gizani una bei.

Hatua ya 5: Hesabu mwanga kwa maharagwe

Katika kanuni hizo za toleo la tano mwenge huwaka saa 1. Huangaza vizuri futi 20, yaani mita 6, na futi 20 nyingine kwa mwanga hafifu. Weka bakuli katikati ya meza, na kwa kila mwenge unaowashwa tia maharagwe sita. Kila harage ni dakika 10 za mchezo. Kupekua chumba ni harage moja, kuvunja mlango ni moja, kubishana sana kuhusu njia ya kupita pia ni moja. Toa harage mbele ya macho yao bila kusema neno. Wakibaki na matatu, sauti mezani hubadilika.

Mbilikimo wenyewe, kwa kanuni hizo, huona gizani hadi futi 60, lakini bila rangi, kila kitu ni kijivu. Itumie habari hiyo. Njia za mji hazina taa wala vishikio vya mienge. Hakuna kuta zilizopakwa rangi. Maandishi na alama zimechongwa kwa kina ili zisomeke kwa vidole, na mchezaji akiwa na mhusika mbilikimo ndiye atakayefaidi zaidi kwa kupapasa ukuta.

Hatua ya 6: Tawanya dalili

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Kila ukweli unaotaka wachezaji waujue upe dalili tatu, katika sehemu tatu tofauti, kwa sababu moja hawataiona na nyingine wataielewa vibaya.

Mwambani ina ukweli mmoja mkubwa, kwamba waliofunga mlango walikuwa upande wa juu. Dalili ya kwanza ni mlango wenyewe. Jiwe la duara, kipenyo chake mita moja na nusu, limesimama katika mfuo wake. Milango ya aina hii hufungwa na mtu aliye upande unaolindwa, na mji ukishambuliwa adui hutoka lango la juu, kwa hiyo jiwe, mfuo na kabari vilipaswa kuwa upande wa chini ili walio chini wajikinge. Wachezaji wanakuta kabari upande waliosimama wao, upande wa juu. Kabari ni ya chuma, imegongwa kwa nyundo mpaka kichwa chake kimetandaa kama uyoga. Aliyegonga hakutaka itoke tena. Ukutani, patasi imechonga mfuo wa pili, mpya, wa haraka, mistari yake imepinda. Jiwe lilihamishiwa upande huu kwa makusudi.

Usiwaambie maana yake. Eleza unachokionyesha, kisha nyamaza. Mchezaji mmoja atauliza, "Msimulizi, kabari iko upande wetu au upande wao?" Mjibu, "Upande wenu." Mwingine atasema, "Ngoja kwanza, Mwalimu. Hapa nani alikuwa anamfungia nani?" Ukifika hapo, umefaulu kazi yako ya usiku mzima.

Dalili ya pili iko sokoni. Hyrax Hill, hapa Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, na nimeichukua picha hiyo kama ilivyo: sakafu ya soko imechongwa mbao za bao, kete bado zimo. Moja ina mchezo ulioishia katikati. Pembeni yake kuna kete zilizopangwa kwa safu, mistari mitano mitano, nyingi mno kwa mchezo wowote. Mtu alikuwa akihesabu majina. Idadi yake ni sawa na idadi ya vitanda katika mtaa wa wachimbaji, kwa yeyote atakayejisumbua kuhesabu.

Dalili ya tatu ni kelele. Kila saa chache bomba la hewa la zamani linatoa mlio, kwa sababu maji bado yanapita kidogo kwenye gurudumu la kwanza. Wachezaji wakilifuata watalikuta gurudumu zima, halijavunjika, limesimama kwa kukosa maji tu. Lingeweza kuzungushwa tena kwa kufungua lango moja la mfereji. Wakubwa wa Mwambani walilijua hilo.

Hatua ya 7: Viumbe wachache, wenye sababu

Viumbe watatu wanatosha. Usiweke jeshi la mazimwi lililokuwa likingoja miaka mia mbili chumbani bila kula. Jiulize nani angehamia mahame, na anakula nini.

Popo ndio wa kwanza, na wanaeleza mahali hewa inapoingia. Wa pili ni mnyama mkubwa anayefuata chumvi. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon, tembo huingia gizani umbali unaofika mita 200 hivi, wakikwangua kuta kwa pembe ili wale chumvi, na alama za pembe zimejaa ukutani. Kwa Mwambani nimeweka kundi la tembo wadogo wa kubuni, weupe, wasio na macho, wanaojua njia kwa kupapasa na mkonga. Hawana ubaya. Wachezaji wakisikia kitu kizito kinatembea gizani hawalijui hilo, na wakishika silaha kabla ya kuangalia, kosa watalibeba wao. (Pango halisi ni kitu kingine: lina ufa mkubwa wa hatari, na wageni waliofika huko mwaka 1980 na 1987 waliugua virusi vya Marburg. Usipeleke kikundi chako mapangoni bila mwelekezi na bila kuuliza walinzi wa hifadhi.)

Wa tatu awe na akili. Mlinzi wa jiwe aliyeamriwa asiruhusu yeyote kuutoa mlango, naye bado anatii. Hachoki, hadanganyiki kirahisi, lakini anajibu maswali kwa ukweli kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Kikundi kinaweza kupigana naye, na pengine kitashindwa. Kinaweza pia kumuuliza nani alitoa amri.

Hatua ya 8: Siku ya kucheza

Kaeni mahali ambapo sauti yako itasikika. Mvua ya alasiri ikipiga mabati, maelezo yako yote yatapotea, kwa hiyo panga asubuhi au tafuta chumba chenye dari. Chai iandaliwe mapema. Simu ziwe mbali, isipokuwa ya kurushia dadu.

Anza mlangoni, si nyumbani. Wahusika tayari wamefika langoni, wanajua wametumwa kutafuta nini, na jua linazama. Kila chumba kieleze kwa sentensi tatu: kinachosikika au kunuka, kinachoonekana kwanza, na kitu kimoja kisicho mahali pake. Kisha uliza, "Mnafanya nini?" Mzungushie kila mtu swali hilo kwa jina la mhusika wake, hasa mchezaji mpya anayewaachia wazoefu waseme. Akinyamaza, mpe jambo linalomhusu yeye: mhusika wake ndiye aliyesikia mlio wa bomba.

Wakifanya jambo ambalo hukulipanga, rudi kwenye sentensi mbili za hatua ya kwanza. Kikundi changu kimoja kiliamua kurudisha mto kwenye mfereji wake badala ya kushuka. Sikuwa na chumba cha hilo, lakini nilijua maji yataenda wapi na gurudumu gani litazunguka, na saa iliyobaki ya mchezo tuliipata humo: hewa ikivuma upya, vumbi likitoka kwenye mabomba ya mtaa mzima, tembo weupe wakikimbia, mlinzi wa jiwe akigeuka kutazama.

Hatua ya 9: Hazina na kutoka

Fedha iwepo, na iwe nzito. Kila kipande kikubwa kinamchukulia mtu mkono mmoja, na mkono huo ndio wa kushikia mwenge. Hazina nyingine iwe ya maarifa: kitabu cha mawe chenye majina ya wachimbaji, ambacho ukoo fulani wa mbilikimo walioko mbali ungekitafuta kwa bei yoyote, na ukoo mwingine ungetaka kivunjwe.

Safari ya kutoka usiiruke. Hesabu maharagwe yaliyobaki. Kama walifungua mfereji, maji ya sakafu ya chini yameanza kupanda. Kama walitoa kabari, hewa mbaya ya mtaa wa wachimbaji sasa inatiririkia mfereji mkavu, ile njia yao ya siri.

Wakishatoka, andika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari mambo manne kabla watu hawajaondoka: milango iliyobaki wazi, kitu alichobeba kila mhusika, kiumbe aliyebaki hai, na jina la ukoo watakaoupelekea kitabu cha mawe. Mchezo wa Jumamosi inayofuata utaanza na la mwisho.